"The Pianist" haikumtendea haki Kapteni Hosenfeld

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niizungumzie "The Pianist", filamu ya Roman Polanski ya mwaka 2002 inayosimulia jinsi Władysław Szpilman, mpiga piano Myahudi, alivyonusurika mjini Warsaw, Poland, chini ya Wanazi. Nimeitazama mara tatu, na kila mara naiheshimu zaidi, lakini lalamiko langu ni lilelile.

Polanski, ambaye utotoni aliishi katika geto (mtaa waliofungiwa Wayahudi) la Kraków na mama yake akauawa katika kambi ya Auschwitz, anaiweka kamera mahali ambapo Szpilman mwenyewe angeweza kusimama. Mzee wa kiti cha magurudumu anatupwa kutoka ghorofani, nasi tunamwona kupitia dirisha la nyumba ya akina Szpilman. Maasi ya geto la Warsaw ya Aprili 1943 yanatokea upande wa pili wa ukuta, na aliyejificha hana la kufanya ila kuchungulia. Lakini tukio lisilonitoka ni lile la mwaka 1942, watu wakisubiri mabehewa ya kwenda Treblinka, kambi ya mauaji, ambapo baba yake Szpilman anachangisha fedha za familia, ananunua tofi moja, kisha anaikata kwa kisu kidogo vipande sita. Hakuna hotuba ya kuagana. Hicho ndicho chakula chao cha mwisho pamoja.

Kuwafanya Wayahudi na Wapolandi wazungumze Kiingereza huku Wajerumani wakibaki na lugha yao ni udhaifu ninaoweza kuuvumilia. Nisichoweza kukivumilia ni jinsi anavyoonyeshwa Wilm Hosenfeld, kapteni wa Kijerumani anayemkuta Szpilman katika jumba lililobomolewa, akamwomba apige piano, na baada ya hapo akawa anamletea chakula. Asiyeijua historia ataamini kwamba kipaji ndicho kilichonunua uhai wa Szpilman. Kumbe kabla ya hapo Hosenfeld alikwisha kuwasaidia wengine, akiwemo Leon Warm, aliyetoroka kutoka garimoshi la kwenda Treblinka na kupewa kazi kwa jina la bandia, na shajara za Hosenfeld zimejaa aibu kwa uhalifu wa taifa lake. Filamu haigusi hata moja kati ya hayo. Tena Szpilman halisi alimpigia Nocturne ya mtunzi Chopin, kipande kifupi na cha upole, ila Polanski akaweka Ballade yenye kishindo, na dhana ya kipaji kuokoa ikazidi kukolea.

Baba aliyeikata tofi ile alikuwa mpiga fidla, na fidla yake haikumshusha kutoka kwenye behewa.

Msomaji wako,
Morogoro