Ulisema Kweli, Mama, Lakini Hukujua

Edinburgh

Mama yangu,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi mzima, kazi ya usiku inakwenda, baridi tumeizoea. Sauti nne ulizonirekodia nimezisikiliza zote, ya mwisho mara mbili, pale unapocheka na kusema "Si nilisema mie?" Tangu kabla ya Maulidi wimbo ni huo huo.

Ulisema, sikatai. Ulisema mdogo wangu Shafii kaila hela ya bati niliyotuma, na hela kweli imeliwa. Ila wewe umeshafunga kesi na mimi bado nina dukuduku.

Ulijuaje? Uliona pikipiki uani, mpya, siti bado ina nailoni. Bi Tatu naye akatia chumvi yake kutoka upande wa pili wa ukuta. Hapo hapo hukumu ikatoka: mtoto kanunua pikipiki kwa hela ya kaka yake. Haya, pikipiki kumbe ni ya yule rafiki yake wa Muheza, kaja kuichukua mbele ya macho yako. Hela ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma kwenye mikeka ya kubeti mpira, na hilo umelijua kwa kuwa Shafii alinililia kwenye simu usiku wa manane, nami nikakwambia. Kwa hiyo ulichoamini kilikuwa kweli, na sababu ulikuwa nayo, tena si ya kijinga. Lakini sababu yako na ukweli wenyewe havikukutana hata njiani. Ulipatia kwa bahati.

Usicheke. Hili ndilo nililolifuata huku, falsafa. Plato alishalijadili zamani, na wengi baada yake wakaona inatosha: mtu anajua pale anapoamini jambo, likawa kweli, na akawa na sababu nzuri ya kuliamini. Mwaka 1963 Mmarekani mmoja, Edmund Gettier, akatoa makala ya kurasa tatu tu akawavurugia wote. Kasema hivi: Smith na Jones wanaomba kazi moja. Smith kaambiwa na mkubwa wa kampuni kuwa Jones ndiye atakayechukuliwa, na sarafu za mfukoni mwa Jones kazihesabu mwenyewe, kumi. Akajisemea, basi atakayepata kazi ana sarafu kumi mfukoni. Kazi akapewa yeye Smith, na kumbe mfukoni mwake mlikuwa na sarafu kumi bila habari. Sasa huyo alijua? Wanabishana mpaka leo. Mimi kwenye insha yangu niliondoa sarafu nikaweka pikipiki na bati, nikapata 74. Huku ukivuka 70 umepasua, na darasani hakuna aliyenipita. Mwambie na Mjomba Kombo.

Tena huyo Mjomba nina neno naye. Nimesikia alivyosema mbele za watu kuwa nimepoteza dini, kwamba nalipiwa kusomea kushuku. Limeniuma kuliko la bati. Mwulize, Imam Ghazali anayemtaja kila darsa, yeye hakushuku? Kaandika kwa mkono wake: alitazama nyota akaiona kama dinari, hesabu za wataalamu zikamwonyesha ni kubwa kuliko dunia. Akaacha kuyaamini macho, kisha akaitilia shaka na akili yenyewe, akakaa hivyo karibu miezi miwili, mpaka Mungu alipomtia nuru kifuani. Mjomba anaanzia kwenye nuru. Ile miezi miwili anairuka.

Mzee wa kushuku wa huku ni David Hume, mzaliwa wa mji huu. Sanamu yake ya shaba imekaa mji mkongwe, dole gumba la mguu linang'aa kama dhahabu kwa kuguswa na wanafunzi wanaotafuta bahati ya mtihani. Mtu aliyepambana na ushirikina maisha yake yote! (Nililigusa. Mjomba asijue.) Huyu alisema hata jua kuchomoza kesho hatuna hoja ya kulithibitisha, ni mazoea tu yanayotufanya tulitegemee. Lakini alipofika kwetu sisi weusi, kwenye tanbihi moja, kaandika kuwa anaelekea kudhani tuko chini ya weupe kwa maumbile. Na Mjamaika mmoja mweusi aliyesifiwa kwa elimu, akasema yaelekea ni kama kasuku aliyeshika maneno mawili matatu. Kasikia tu anatajwa, basi, kamaliza. Mwaka 2020 chuo kikaliondoa jina lake kwenye lile jengo refu. Siku niliyoisoma tanbihi hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje, na kilichonijia kichwani, Mama, ni ile pikipiki uani.

Shafii ana kosa, atalilipa. Lakini kwa hilo la pikipiki ulimtukana mbele ya Bi Tatu, na kwa hilo yeye ndiye anayekudai radhi. Nakuomba tu, mimi si wa kukuamuru.

Hela ya bati nimetuma tena, safari hii kwa Dada Mwanaidi. Bati ishirini na nne, geji 28, na misumari yake. Ya kisima isubiri.

Huku Desemba jua linazama kabla ya saa kumi. Juzi mvua ilinikuta dirishani, nikajaribu kukumbuka inavyopiga kwenye bati la jikoni kwetu. Nikashindwa kujua kama naikumbuka sauti yenyewe au nakumbuka ninavyowasimulia watu. Nyumba za huku hazipigi kelele, mvua inashuka kama haipo.

Fundi akimaliza, na ikinyesha, usinieleze. Nipigie, uiweke simu juu ya meza, uendelee na kazi zako.

Mwanao,
Athumani