Jenasi mpya ya utitiri haiokotwi chini ya mti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wahusika wake wengi hawafikii urefu wa milimita moja. Magazeti yetu yanapotoa habari za viumbe wapya, huandika kwamba mtaalamu fulani "amegundua" spishi au jenasi mpya, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na msomaji hubaki na picha ya mtu aliyeinama msituni akaokota kitu. Kwa spishi, picha hiyo huweza kuvumilika. Kwa jenasi haifai, na mfano wa utitiri wa udongoni unaonyesha sababu yake vizuri.

Neno lenyewe limechafuka kidogo. Wafugaji wa kuku wanaujua utitiri kwa kero yake mabandani, na waandishi wa siasa wameuazima ili waseme utitiri wa kodi na utitiri wa vyama. Ninaouzungumzia hapa haumnyonyi mtu wala kuku damu. Ni jamaa wa buibui na kupe, wenye miguu minane wakikomaa, na wengi wao wana gamba gumu linalowafanya waonekane kama mbawakawa wadogo mno. Hula majani yanayooza pamoja na kuvu, na hivyo husaidia kugeuza takataka za msituni kuwa mboji. Kundi lao huitwa Oribatida, na spishi zake zilizokwisha kupewa majina zinazidi 10,000.

Kuwapata si kazi. Mwaka 1905 Mwitaliano Antonio Berlese alibuni faneli ambamo udongo na majani hupashwa joto, wadudu wakalikimbia hadi wakatumbukia katika chupa iliyo chini. Mwaka 1918 Albert Tullgren wa Sweden akatumia balbu ya umeme. Nilipokuwa nikifundisha, tuliunda faneli ya namna hiyo kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, kipande cha wavu na taa ya mezani, na wanafunzi walishangaa kuona kiganja kimoja cha majani kilivyojaa wakazi.

Ugumu huanza mezani. Mnyama hulowekwa katika asidi ya laktiki hadi mwili wake upenyeze mwanga, kisha chini ya hadubini vinyweleo vyake huhesabiwa kimoja kimoja. Mfaransa François Grandjean, aliyefariki mwaka 1975, alivipa vinyweleo hivyo alama za herufi, kiasi kwamba mtu wa Morogoro na mtu wa Budapest wanaweza kubishana juu ya unywele uleule bila kuonana. Sasa tuseme mnyama aliye mezani halingani na jenasi yoyote inayojulikana. Je, ni jenasi mpya, au ni spishi ya ajabu katika jenasi ya zamani? Hesabu ya vinyweleo peke yake haijibu swali hilo. Mtaalamu hana budi kuamua ni sifa zipi zilirithiwa kutoka kwa babu mmoja, na zipi zilijitokeza mara kadhaa katika koo zisizohusiana kwa karibu. Idadi ya kucha ni mtego wa wazi: wengine wana kucha moja kwa kila mguu, wengine tatu, na mara nyingi mnyama huyohuyo huwa na moja akiwa mchanga na tatu akikomaa. Jenasi iliyosimamishwa juu ya kucha tu haikawii kubomolewa na mtaalamu anayefuata.

Historia inathibitisha hayo. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, Msweden aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya wanyama, aliwaweka kupe na utitiri wote aliowajua katika jenasi moja tu, Acarus. Leo wanyama walewale wametawanywa katika jenasi na familia nyingi, ingawa hakuna hata mmoja aliyebadilika umbo. Kilichobadilika ni hoja za wanaowapanga.

Kwa kuwa jenasi ni hoja, Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama inaibana kwa masharti. Jina la jenasi lililotolewa baada ya mwaka 1930 lazima liambatane na spishi ya rejea, yaani spishi moja ambayo jina hilo limefungwa kwake, na halipaswi kuwa limekwisha kutumiwa kwa mnyama mwingine yeyote, awe samaki au kipepeo. Jina huwa na jinsia ya kisarufi, na jina la spishi likiwa kivumishi hufuata jinsia hiyo, jambo ambalo Mswahili aliyelelewa na ngeli hahitaji kufundishwa mara mbili. Tangu mwaka 2000, anayetaja spishi mpya hutakiwa pia kuainisha kielelezo cha rejea, yaani mnyama halisi aliyehifadhiwa ambaye jina limefungwa kwake, na kusema kitahifadhiwa katika mkusanyiko gani.

Sharti hili la mwisho ndilo linalotugusa zaidi. Msafara wa Yngve Sjöstedt ulikusanya wanyama Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na utitiri wake ukaelezwa na Ivar Trägårdh wa Sweden mwaka 1908. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sándor Mahunka wa Hungaria alichapisha mfululizo wa makala kuhusu utitiri wa mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Siwalaumu, bila wao wanyama hao wasingekuwa na majina. Lakini hoja hupimwa kwa kukitazama kielelezo chenyewe, na kijana wetu anayetaka kupinga jenasi iliyoelezwa kutokana na udongo wa kwao hulazimika mara nyingi kuomba slaidi kutoka Ulaya.

Ombi langu kwa waandishi wako ni dogo. Waandike kwamba mtaalamu "amependekeza" jenasi mpya. Wamuulize spishi yake ya rejea ni ipi, ameitenga na jenasi gani za jirani na kwa sifa zipi, na kielelezo kimewekwa wapi. Na kama hakikuwekwa nchini, wamuulize ni kwa nini.

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Muheza, Tanga