Spika wa upinzani atakuwa nani? Tuambiwe kabla ya kura

Mhariri,

Redioni, matatuni na hata matangani, gumzo la siasa siku hizi ni moja tu: nani atapeperusha bendera ya upinzani wa Kenya 2027. Sijasikia mtu akiuliza swali la pili, ambalo kwangu halina uzito mdogo. Upinzani ukipata wabunge wengi, nani ataketi kwenye kiti cha Spika wa Bunge la Kitaifa?

Kura ya urais na kura ya mbunge ni karatasi mbili tofauti. Mtu anaweza kuingia Ikulu akakuta zaidi ya nusu ya wabunge 349 si wake. Ikitokea hivyo, Spika si mwamuzi wa kupuliza kipenga tu. Yeye ndiye husema ni mrengo upi wenye wengi na upi wenye wachache, hoja ipi ipite na ipi ikwame mezani. Ni mwenyekiti wa Tume ya Huduma za Bunge. Na kiti cha Rais na cha Naibu wake vikibaki wazi kwa pamoja, yeye ndiye hukaimu urais hadi tupige kura nyingine.

Tumewahi kupita njia hii, tena kwa namna mbili zisizofanana. Chama tawala cha KANU kilipoanguka Desemba 2002, muungano wa upinzani, NARC, uliingia na wabunge wengi na ingeweza kumleta mtu wake. Bunge jipya likamrudisha Francis ole Kaparo, aliyekuwa kitini tangu 1993 enzi za KANU. Miaka mitano baadaye hapakuwa na upole huo. Januari 15, 2008, nchi ikiwaka moto, ODM, chama cha Raila Odinga, ilikuwa na wabunge wengi kuliko chama kingine chochote huku mpinzani wake Mwai Kibaki akiwa ameshaapishwa kuwa Rais. Wabunge walizozana kwa saa nyingi iwapo kura ya Spika iwe ya siri, na wabunge wa ODM wakawa wanaonyesha karatasi zao hadharani kabla ya kuzitumbukiza, mtu asije akashukiwa kuuza kura. Mzunguko wa tatu Kenneth Marende wa ODM akamshinda Kaparo kwa kura 105 dhidi ya 101.

Tofauti ya kura nne! Watu wengi walidhani ODM imejipatia kibaraka. Lakini Aprili 2009, serikali ya mseto ilipovutana kuhusu nani awe Kiongozi wa Shughuli za Serikali bungeni, Raila Odinga au Kalonzo Musyoka, Marende alikataa kumpa yeyote akashika mwenyewe uenyekiti wa Kamati ya Shughuli za Bunge. Hilo bado nalikumbuka kuliko hotuba nyingi za wakati ule. (Wapo wanaosema alikwepa tu. Kukwepa huko kulituliza nchi, mimi nachukua.)

Sasa nije kwangu Bungoma. Agosti 9, 2022 nilipiga foleni katika shule ya msingi iliyo karibu na kwetu, foleni iliyozunguka madarasa hadi nyuma ya vyoo. Tukamchagua Moses Wetang'ula kuwa seneta wetu tena. Septemba 8 akachaguliwa Spika wa Bunge la Kitaifa, kura 215 dhidi ya 130 za Marende. Kifungu cha 106 cha Katiba kinasema Spika asiwe mbunge wala seneta, hivyo kiti chetu kikabaki wazi. Desemba 8 nikarudi shule ileile kwa uchaguzi mdogo. Safari hii sikusimama hata dakika tano. Makarani walikuwa wengi kuliko sisi wapiga kura, na mmoja wao alikuwa amelalia dawati.

Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Kinachoniuma ni kwamba jambo lenyewe lilijulikana mapema. Mkataba wa Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, ulikuwa umeiahidi Ford Kenya, chama cha Wetang'ula, kiti cha Spika miezi kadhaa kabla ya uchaguzi. Kwa nini basi tulipewa jina lile kwenye karatasi ya useneta? Muungano ukishaamua Fulani ndiye Spika wake, Fulani asiwanie kitu kingine. Azunguke na kinara wake kwenye kampeni, tumwone, tumuulize.

Tumuulize hasa kuhusu chama chake. Februari 2025 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema uamuzi wa Spika wa Oktoba 2022, ulioipa Kenya Kwanza wingi bungeni, ulikiuka Katiba, na kwamba mtu hawezi kuwa Spika huku akiongoza chama cha kisiasa. Upinzani ulishangilia siku hiyo. Vizuri. Je, wao watamkabidhi kiti mtu gani? Nijuavyo siasa zetu, atakuwa kigogo aliyekosa tiketi ya unaibu rais, mwenye chama chake mfukoni na eneo lake la kura, akituzwa uspika ili asitoke muunganoni. Mwanasheria, bila shaka. Maspika Kaparo, Marende, Muturi na Wetang'ula wote ni watu wa sheria. Lakini shahada ya sheria haimzuii mtu kupigiwa simu na kinara wake usiku kabla ya hoja kubwa.

Mimi ningependa mtu aliyewahi kukaa kiti cha Naibu Spika au kuongoza kamati, anayezijua Kanuni za Bunge, na ambaye ametoka chamani kabla hajaapishwa. Akitoka upande wa serikali inayoondoka, kama Kaparo 2003, nisingelalamika. Najua hilo ni kama ndoto. Siku hizi hata kutofautisha upinzani na serikali kunataka darubini.

Mikataba ya miungano hupelekwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa kabla ya uchaguzi. Viongozi wa upinzani waandike humo jina la Spika wao, kisha wautoe gazetini tuusome. Na kwenye karatasi yetu ya useneta wabakize wale wanaotaka useneta.

Mpiga kura,
Bungoma