Mwanangu, Usiuharakishe Uamsho

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeisoma na kuirudia, hasa pale unaposema kwamba mmeomba uamsho, yaani Mungu ahuishe tena imani ya watu, kwa muda mrefu, kikundi kimepungua, na sasa wenzako wanataka aalikwe mhubiri mwenye jina ili watu warudi. Sina neno juu ya wahubiri. Kinachonitia hofu ni haraka yenyewe.

Mfalme Sauli alingoja siku 7 pale Gilgali, kama nabii Samweli alivyomwagiza, amngoje aje yeye kutoa sadaka. Watu walipoanza kutawanyika, na Wafilisti adui zake wakizidi kujikusanya, alishindwa kuvumilia, akatoa sadaka ya kuteketezwa kwa mkono wake mwenyewe. Na ndiyo kwanza amemaliza, Samweli akatokea. Kosa lake halikuwa kupenda ibada. Idadi ya watu waliokuwa wakiondoka ilimtisha kuliko neno alilopewa lilivyomtuliza, na mimi naona hilo ndilo jaribu linalowakabili ninyi sasa.

Nabii Eliya naye alikuwa ameahidiwa mvua na Mungu mwenyewe, lakini hakukaa tu akiisubiri. Alipanda mlima Karmeli, akasujudu hadi uso wake ukawa kati ya magoti, akamtuma mtumishi wake kutazama upande wa baharini, na kila aliporudi mtumishi huyo alisema hakuna kitu, mpaka mara ya 7 alipoona wingu dogo kama mkono wa mtu. Ahadi haikumfanya Eliya aache kuomba, wala majibu yale matupu hayakumfanya aache kutuma.

Nakukumbusha pia habari za Jeremiah Lanphier, mwinjilisti asiye mchungaji wa New York. Tarehe 23 Septemba 1857, saa sita mchana, alifungua chumba cha maombi katika jengo la kanisa, mtaa wa Fulton, akiwa amewatangazia wafanyabiashara na wafanyakazi wa mji huo. Kwa nusu saa nzima alikuwa peke yake, na hadi kipindi kinakwisha walikuwa watu 6. Wiki iliyofuata wakafika 20. Mwezi Oktoba mtikisiko mkubwa wa fedha uliufikia mji, na katika miezi michache maelfu walikuwa wakiacha shughuli zao mchana ili waombe, huko na katika miji mingine ya Marekani. Lanphier hakupanga mtikisiko ule wala hakuujua utakuja lini. Alichokuwa nacho ni mlango wa kufungua siku aliyoahidi, akaufungua.

Hata uamsho wa Afrika Mashariki haukuanzia jukwaani. Mwaka 1929, mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, na daktari mmisionari Mwingereza Joe Church waliketi pamoja kuomba na kuchunguza Maandiko, na katika miaka ya 1930 moto ukaonekana Gahini, Rwanda, kisha ukavuka mipaka. Alama yake kubwa ilikuwa toba: watu waliungama dhambi mbele ya wenzao, wakarudisha mali waliyoiba, wakapatana na waliokuwa hawasalimiani.

Hapo ndipo ninapotaka uangalie kwa makini, mwanangu. Bwana aliwaambia mitume kwamba nyakati na majira Baba ameziweka katika mamlaka yake mwenyewe; kwa hiyo siku ya kumiminwa kwa Roho huwezi kuisogeza mbele hata kwa saa moja. Lakini kutubu hakuna majira yanayopaswa kungojwa, kwa maana Maandiko yanasema leo, mkiisikia sauti yake, msifanye migumu mioyo yenu. Naogopa kwamba mara nyingi tunamwomba Mungu aharakishe lililo lake huku sisi tukiahirisha lililo letu.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano wenu ujao, nenda kwa yule ndugu uliyeniandikia kwamba hamzungumzi, mkamalize jambo lenu, hata kama unaona yeye ndiye mwenye kosa. Kisha hudhurieni maombi kwa saa ileile mliyokubaliana, mkiwa wawili au mkiwa wengi. Wasalimie wote kwa jina la Bwana, na uniandikie mlivyopatana.

Mama yako akupendaye