Starlet yako haijachoka, kilichochoka ni mipira

Habari zenu wateja wetu. Wiki haiishi bila Toyota Starlet kuingia hapa gereji, na mara nyingi mwenyewe anashuka akiwa ameshakata shauri kabisa, "fundi injini imekwisha, nitafutie nyingine". Ukimuuliza imekwishaje anakwambia haivuti, inakunywa mafuta kama lori, asubuhi inasumbua kuwaka, halafu kuna mtu kamwambia hizi injini za 4E zikishazeeka hazina maisha tena. Tunamwambia tulia kwanza ndugu yetu, hebu tufungue boneti.

Starlet ya toleo la EP82 ilitoka mwisho wa 1989, toleo la EP91 likaja 1996, na mwaka 1999 Starlet hizi zikaacha kutengenezwa, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imeshapita miaka 25. Chuma cha injini hiyo miaka hiyo wala hakikisumbui. Tumeshafungua 4E-FE, yaani 4E ya kawaida, nyingi tu ambazo ndani silinda bado zina ile mikwaruzo ya msalaba ya kiwandani. Kinachokufa kwa umri ni mpira, yaani vile vimpira vyembamba vya hewa, sili, ringi, bushi, na mpira ukifa gari inalia kama vile injini nzima imekufa, ndo hapo watu wanapoibiwa pesa zao.

Ngoja nieleze hivi vimpira maana hapa ndipo penye mambo. Injini hii haina kifaa cha kupima hewa inayoingia, kontro boksi, yaani kompyuta ya injini, inajua hewa ni kiasi gani kwa kusoma presha ndani ya manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kuna sensa moja ndogo imefungwa pembeni ya injini na inapata habari zake kupitia kimpira chembamba. Mwisho wa kile kimpira, pale kinapovaa kwenye sensa, ndo pa kuangalia. Ukikigeuza kwa vidole utaona kimepasuka kama kisigino, na ukikichomoa hakina ubishi, kinatoka chenyewe. Kikivujisha hapo sensa inasoma presha kubwa kuliko iliyopo, kontro boksi inadhani umekanyaga mafuta sana, inamwaga petroli, moshi mweusi, plagi zinakuwa nyeusi kama masizi ya chungu, gari nzito. Na kimpira chenyewe ukikipima hakifiki hata urefu wa mkono wako. Kuna mteja alikuja amebadilishiwa plagi, waya za plagi, pampu ya mafuta na nozeli, vyote vipya, kimpira kile kile cha zamani kipo pale pale kinapumua pembeni. Iliniuma kweli, maana yule kaka alikuwa amejinyima.

Kwa hiyo kabla hatujagusa spana tunaisikiliza gari yenyewe. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, unafungua kifuniko, unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, halafu unaangalia taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka haraka kwa mpangilio mmoja bila kukoma, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara tatu, ikapumzika, ikapepesa mara moja, hiyo ni 31, habari za ile sensa ya presha. Mbili kisha mbili ni 22, sensa ya joto la maji, na hiyo nayo ikifa kontro boksi inaweza kudhani injini ni ya baridi siku nzima na kumimina mafuta tu. Lakini jamani usikisie matundu, soma maandishi ndani ya kile kifuniko, ukiunganisha pasipo penyewe unaweza kuunguza kitu ambacho hakikuwa na ugonjwa. Na waya huo huo ndo unaotumika kuset taimingi ya distribyuta, kile kinachogawa umeme kwenye plagi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, ukiwa umeuweka taimingi inatakiwa isome digrii 10 kwa ile taa ya taimingi, bila waya kontro boksi inaichezesha yenyewe na fundi anayezungusha distribyuta kwa kusikiliza sikio tu anabahatisha.

Tukiwa hapo hapo kwenye distribyuta, oili ikionekana inatiririka upande wa gia boksi msikimbilie kufungua injini. Distribyuta imeingia kwenye silinda hedi na imezibwa na ringi moja ya mpira, ile ringi ikikauka inakuwa ngumu kama plastiki, oili inashuka taratibu na kusambaa, mtu akichungulia chini anaona imelowa huko anasema sili ya krenki imekufa, toa gia boksi. Safisha kwanza, endesha siku mbili, angalia inaanzia wapi juu.

Taimingi belti haina mjadala, kila kilomita 100,000, na kama hujui ilibadilishwa lini hesabu kwamba haijabadilishwa. Ikifunguliwa badilisheni na sili ya kamshafti na ya krenki ya upande huo, maana oili ikivujia kwenye belti mpya umefanya kazi bure.

Sasa maji. Bloki ya injini hii ni chuma, hedi ni aluminiamu, vikichemka vinatanuka tofauti, na hedi ikishapinda gasketi haishiki hata uweke ya kiwandani. Tunawaomba sana msitoe themostati. Tunajua mtu anaitoa kwa nia nzuri, anaona gari ilichemsha mara moja anasema nipunguze kizuizi, lakini injini inakaa baridi muda mrefu, mafuta yanaongezwa, oili inachafuka haraka, na kilichosababisha kuchemsha bado kipo, iwe ni rediata imeziba, feni haiwaki au mfuniko wa rediata haushiki presha. Mfuniko ni kitu kidogo sana na ndo wa kwanza sisi kuupima. Halafu weka kulanti, maji matupu ya bomba yanakula aluminiamu kwa ndani kimya kimya.

Wenye Starlet za GT na Glanza V sasa, najua mlikuwa mnasubiri. Injini ni 4E-FTE, ukubwa ule ule wa cc 1331, ila ina tabo, inayosukumia injini hewa zaidi, na intakula inayopoza hewa hiyo, na inatoa farasi 135 kwenye gari isiyofika tani moja, raha yake mnaijua wenyewe. Glanza S haina tabo, hilo tuliweke wazi kwa wanaonunua, angalieni injini msiangalie sketi za pembeni. Malalamiko makubwa tunayopata ni "tabo imekufa, haivuti tena". Juzi imekuja GT ya hivyo, mwenyewe ameshaanza kutafuta tabo nyingine. Tukapitisha mkono chini ya mpira mnene unaotoka kwenye tabo, kwa juu mpira mzima unang'aa, kwa chini karibu na klipu kidole kikazama kwenye mpasuko, mpasuko ambao gari ikiwa imesimama umejifunga, tabo ikianza kusukuma unafunguka kama mdomo wa samaki. Mpira ukabadilishwa, klipu mpya, akaondoka na tabo yake ile ile.

Moshi wa bluu nao una lugha yake. Ukitoka asubuhi unapowasha tu kisha ukaisha, hizo ni sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga kupanda mlima, wasiwasi ni ringi za pistoni na tunapima kompresheni silinda zote 4 kabla ya kusema lolote. Ukitoka baada ya gari kukaa inanguruma pale pale halafu ukakanyaga, kwenye GT tunaangalia tabo, ila kabla ya tabo tunaangalia ile valvu ndogo ya kupumulia oili, ya PCV. Ikiziba presha inajaa chini kwenye injini, oili ya tabo inakosa pa kurudi vizuri inalazimika kupita kwenye sili, na tabo mpya ukiifunga hapo nayo itavuta moshi vile vile ndani ya muda mfupi, halafu utamlaumu aliyekuuzia.

Kuhusu kuongeza busti, yaani presha ya hewa ya tabo, hatukatai kazi hiyo, ila hatuifanyi kwenye gari ambayo haijapita hayo yote hapo juu. Pistoni za 4E-FTE zinapasuka pale kwenye kingo za ringi mafuta yakipungua busti ikiwa juu, na inatosha kishindo cha mara chache tu, injini inagonga ting ting ting na mwenyewe kafungulia muziki hasikii. Kontro boksi ya kiwandani inakata mafuta busti ikizidi, ule mkato wa ghafla kama umegonga ukuta ni ulinzi, tafadhali msiruhusu mtu auondoe halafu aache nozeli na pampu za zamani. Na wale mnaotaka kufunga tabo kwenye 4E-FE ya kawaida, mgandamizo wake ni mkubwa kuliko wa FTE, njooni tuongee kwanza kabla hamjanunua spea.

Bushi, shokapu na boljointi tunaziangalia gari ikiwa juu, hiyo haichukui muda na haina malipo ukishakuja kwa kazi nyingine.

Ombi moja ukitaka kuileta: usioshe injini, tunataka kuona oili inatokea wapi. Na kama shida ni moshi au kuwaka asubuhi, ilete jioni ilale hapa kwetu, tuiwashe wenyewe kesho yake ikiwa ya baridi kabisa, na wewe kama unaweza uwepo usimame nyuma uangalie egzosi.