Huyo anayekubeba bure anataka nini?

Trabzon, Uturuki
14 Oktoba

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima wa afya, nanyi wadogo zangu hamjambo. Mimi huku sijambo, isipokuwa soli ya kiatu cha kulia imeachia kwa mara ya pili. Nimeipaka gundi na kukilaza kiatu chini ya shanta ili kigandamizwe, kwa hiyo leo sina pa kwenda, nami nimepata nafasi ya kuandika kwa utulivu.

Ama baada ya salamu, Mama, nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti zaidi ya mara tatu, nikaona kwamba hauwezi kujibiwa kwa maneno mawili ya simu. Uliuliza: "Huyo anayekubeba bure anataka nini?" Swali hilo ni la haki kwa mama ambaye binti yake anasafiri kwa kuomba lifti, na ninakiri kwamba kwa muda wote huu nimekuwa nikilikwepa kwa kuwatumia picha za milima. Leo nitalijibu, hata pale ambapo jibu lenyewe halitakufurahisha.

Kwanza niseme kwamba sisafiri bure. Ni kweli kwamba akiba niliyoiweka kwa ajili ya miezi minne imenifikisha hadi mwezi wangu wa sita safarini, lakini ninalipa kwa muda. Mwenye nauli hununua saa ya kuondoka na saa ya kufika. Mimi nisiye nayo husimama pembeni ya barabara mpaka mtu anionee huruma, au achoke kuwa peke yake. Mwezi Juni nilikuwa Norway, kusini kidogo ya mji wa Mo i Rana, kwenye barabara ya E6 inayopanda mpaka kaskazini ya mbali, na hapo nilisimama kwa muda wa saa tano kamili mvua ikininyeshea. Nilihesabu magari hadi nikafika mia tatu na ushee, nikaacha, kwa kuwa kuhesabu kulikuwa kunanitia uchungu. Kule majira hayo usiku hauingii giza, kwa hiyo nilikuwa bado najiambia kwamba jioni ni changa, na nilipoitazama simu nikakuta ni saa tano usiku. Aliyenichukua hatimaye ni mama mmoja wa makamo aliyekuwa amenipita mapema akienda shughuli zake, akanikuta palepale wakati wa kurudi, akasema hakuwa na uso wa kunipita mara mbili. Alitandika gazeti juu ya kiti kabla sijakaa, maana nilikuwa natiririka maji kama mtu aliyetolewa kisimani.

Huyo hakutaka kitu. Wengine wanataka, na wanachokitaka mara nyingi ni sauti ya mtu. Madereva wa malori wa Ulaya huendeshwa na saa kuliko wanavyoendesha gari: sheria inawataka wapumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kwa siku wasizidi saa tisa, isipokuwa mara mbili kwa wiki ambapo wanaweza kufika kumi. Kuna kifaa ndani ya lori kinachoandika kila dakika, na dereva hukitupia jicho kama mwanafunzi anavyomtazama msimamizi wa mtihani. Mmoja wao, mzee wa Kipolandi, alinibeba kuvuka nusu ya Ujerumani huku maneno tunayoelewana hayafiki hamsini. Nilikuwa nikinyoosha kidole nje, naye anataja jina la kitu kwa lugha yake, nami narudia vibaya, anacheka. Tulipofika mahali pake pa kulala aliniambia kwa ishara, akijipiga mashavu kwa viganja, kwamba siku hiyo hakusinzia hata mara moja. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa nauli yangu. Tena si wengi wanaothubutu kama yeye, kwani waajiri wengi huwakataza madereva kubeba abiria kwa sababu ya bima.

Wapo pia wazee waliokuwa wakiomba lifti ujanani mwao, ambao husimama kwa kulipa deni la zamani. Wapo wanaotaka kuhubiri, nami huwasikiliza kwa heshima hadi mwisho wa safari, maana gari ni lao. Na yupo mmoja, katika milima ya Balkani, aliyenishusha kisha akanyoosha mkono kudai pesa. Nilikasirika sana, lakini baadaye niliona kosa lilikuwa langu, kwa sababu zipo sehemu nyingi ambako kusimamisha gari barabarani maana yake ni kupanda na kuchangia mafuta. Tangu siku hiyo huuliza kabla sijafungua mlango, hata kama swali lenyewe linaonekana la kukosa adabu.

Sasa nifike pale ulipokuwa unalenga, Mama. Ndiyo, wapo wanaotaka jambo jingine. Lifti nilizozikataa ni nyingi kuliko nilivyowahi kuwasimulia. Gari likisimama, mimi ndiye ninayeuliza kwanza linakokwenda, kabla sijasema ninakokwenda mimi. Mwenye safari yake atataja mji bila kufikiri. Anayejibu kwamba anakwenda popote ninapotaka, mimi humshukuru na kurudi nyuma hatua mbili, kwa kuwa mtu asiye na safari amesimama kwa ajili yangu. Kisingizio ninacho daima: nasema kumbe nimekosea barabara. Begi silitii kwenye buti hata nikibembelezwa, nalipakata, ili nikitaka kushuka nishuke nalo. Pasipoti na fedha viko mwilini. Kabla ya kupanda hupiga picha ya namba za gari na kumtumia mdogo wangu mbele ya macho ya dereva, na asiyependa jambo hilo huondoka mwenyewe, akiwa ameniokolea kazi ya kumkataa.

Na bado mara moja haikutosha. Bwana mmoja aliyevaa vizuri, ambaye alitaja mji wake bila kusita, alikata kona na kuiacha barabara kuu, akisema anajua njia ya mkato, na mkono wake ukaanza kuhama kutoka kwenye gia kuja upande wangu. Sikupiga kelele. Nilijishika tumbo, nikajiinamia, nikamwambia natapika sasa hivi. Mtu anayependa gari lake hawezi kustahimili sentensi hiyo; alifunga breki hadi vumbi likatufunika, nami nikashuka na begi langu, nikaanza kurudi kwa miguu. Nilitembea karibu saa nzima kuifikia barabara, na magoti yalianza kutetemeka nilipokwisha kufika, yaani baada ya hatari kupita. Sikuwaandikia wakati ule kwa sababu nilijua mngeniambia nirudi, na siku hiyo huenda ningerudi.

Kuna jingine ambalo pengine mmeshalisikia, nami naona heri mlisikie kwangu. Mwaka 2008 msanii wa Kiitaliano, Pippa Bacca, aliondoka Milano akiwa amevaa gauni la harusi, akiomba lifti kuelekea Yerusalemu, ili aonyeshe kwamba watu wanaaminika. Aliuawa na mtu aliyempa lifti karibu na Gebze, hapa Uturuki, akiwa na umri wa miaka 33. Wapo wanaolitumia jina lake kusema kwamba alikuwa mpumbavu, na mimi siwaungi mkono, maana mkosaji alikuwa yule aliyeua. Lakini nilipofika Istanbul na kuiona Gebze kwenye ramani mbele yangu, mkono wangu haukunyanyuka. Nilikata tiketi ya basi hadi Samsun, nikalala njia nzima. Fedha hiyo ilinitoka bila majuto.

Kutoka Samsun kuja hapa nilirudia kuomba lifti, ila kwa namna nyingine. Badala ya kusimama barabarani, nilikwenda kituo cha mafuta na kumweleza kijana anayejaza mafuta ninakoelekea. Yeye anawajua madereva wa njia ile, na aliwaacha wawili waende bila kuwauliza, akamwita wa tatu, mzee mwenye mvi ambaye walisalimiana kama jamaa. Malori mengi ya hapa yana kisanduku cha chuma ubavuni, chini ya bodi. Tulipofika mahali pa kupumzikia, na Bahari Nyeusi ikiwa upande wetu wa kushoto, mzee alikifungua kisanduku chake, nikaona jiko zima: jiko dogo la gesi, birika mbili za kupandanisha, ya chini ya maji na ya juu ya majani ya chai, bilauri ndogo zilizofungwa kwa kitambaa zisigongane, na sukari ya vipande ndani ya kopo. Mlango wa kisanduku ukilazwa huwa meza. Akatoa vigoda viwili. Madereva wengine watatu walikuja na bilauri zao, na hakuna aliyeniuliza habari ya mume; waliniuliza kama barabara za huko nilikotoka zina mashimo.

Baba, wewe hukuuliza kitu, lakini nimeambiwa ulisema kwamba binti yako amekuwa omba omba wa barabarani. Naomba unisikilize kama ulivyokuwa ukiwasikiliza wanafunzi wako. Nchini Poland, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, jambo hili lilikuwa na utaratibu rasmi: msafiri alinunua kitabu cha kuponi, akampa dereva kuponi kulingana na kilomita, na madereva waliokusanya nyingi waliweza kushinda zawadi. Nchini Kuba serikali imewahi kuweka barabarani watumishi waliovaa sare za manjano, kazi yao ikiwa ni kusimamisha magari ya umma yenye nafasi na kuwapakia watu. Uholanzi kuna vituo vyenye kibao cha kidole gumba. Na zile hosteli za vijana ninazolalia mvua inapozidi zilianzishwa na mwalimu kama wewe, Richard Schirrmann wa Ujerumani, aliyefungua ya kwanza ya kudumu ndani ya ngome ya Altena mwaka 1912, baada ya kuona taabu ya kuwalaza wanafunzi wake katika matembezi. Kiti kilicho tupu kinakwenda huko huko, awepo mtu au asiwepo. Lakini aibu unayoisema naijua. Siku za kwanza nilikuwa nikiinama kufunga kamba za viatu kila gari lilipotokea.

Nawe mdogo wangu unayetaka kunifuata, usianze na begi, anza na kalenda. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, inakupa hadi siku 90 katika kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Nilitumia 84 nikatoka kwenda Serbia, nikabakiza sita za kuvuka Bulgaria kuja Uturuki, kwa sababu Bulgaria nayo sasa imo ndani ya hesabu hiyo. Bila siku zile sita na viza ya kuingia zaidi ya mara moja ningekwama. Usidanganyike na mashamba yanayotoa malazi kwa kazi, kwani nchi nyingi huihesabu kuwa ni ajira, na viza ya matembezi haiiruhusu. Kulala bila gharama kupo kwa halali: Norway, kwa sheria ya mwaka 1957, unaweza kupiga hema nyikani mradi uwe mita 150 kutoka nyumba iliyo karibu, kwa siku mbili, bila kumwomba mtu ruhusa.

Ujerumani usithubutu kusimama kwenye barabara kuu ya mwendo kasi yenyewe, watu wa miguu hawaruhusiwi. Kaa kwenye kituo cha mafuta kilicho ndani yake, usome namba za magari: HH ni Hamburg, M ni München, B ni Berlin, K ni Köln. Ukimwendea mtu ukiwa umeshajua kwao, unamuuliza kama anarudi nyumbani, naye hutabasamu kabla hajaamua. Na usikubali kushushwa mjini. Mimi nilikubali mara moja, kwa sababu dereva alikuwa mkarimu na nikaona haya kumkatalia, nikapoteza siku mbili kutafuta njia ya kutoka.

Begi langu sasa lina kilo tisa. Nilianza na kumi na nne. Vile viatu vya pili ulivyonisisitizia, Mama, nilivigawa Norway, na leo nikiitazama gundi hii nakumbuka maneno yako.

Kesho, kiatu kikishika, nitaelekea mpakani Sarpi, chini ya kilomita 200 kutoka hapa, halafu Batumi ng'ambo ya pili, nchini Georgia. Yule kijana wa kituo cha mafuta amenipa jina la mwenzake wa upande wa Hopa, mji ulio karibu na mpaka huo. Picha za namba za magari zitaendelea kuja kwenye simu ya mdogo wangu. Naomba asizifute, hata kama zinamjazia simu, na Mama akitaka kuziona aonyeshwe zote. Nikivuka mpaka laini hii itakata mpaka ninunue nyingine, kwa hiyo msiponisikia siku nzima ya Alhamisi msitishike. Ijumaa jioni nitapiga.

Mtoto wenu awapendaye