YAH: MALALAMIKO KUHUSU SEVA INAYOZIMIKA NA KERNELI ISIYOSASISHWA

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Seva tuliyokodi kwenu inazimika ghafla mchana, saa ambazo duka letu la vipuri hapa Kariakoo linauza. Mara ya mwisho boda alishafunga boksi la shokapu kwenye pikipiki, mteja anasubiri Mbezi apande basi la Morogoro, risiti haitoki. Tukipiga simu jibu lenu ni lilelile: memori haitoshi, pandisheni kifurushi. Tukapandisha. Ikazimika vilevile.

Fundi wetu amesoma kumbukumbu za mfumo. Memori haikuisha popote. Kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi), toleo 4.14.98, ilipaniki, yaani ilijisimamisha kwa hitilafu, ndani ya tcp_shifted_skb, sehemu yake ya kushughulikia mtandao. Chanzo ni tundu la usalama linaloitwa SACK Panic, na Jonathan Looney wa Netflix alilitangaza Juni 2019. Mtu aliye mbali anafungua muunganisho wa kawaida, bila nywila, anaitaka seva itume vipande vidogo mno. Kerneli inashuka hadi vipande vya baiti 48. Ukitoa 40 za chaguo za TCP (kanuni ya kusafirisha data mtandaoni), data inabaki baiti 8. Kisha anarudisha taarifa za SACK (zinazomwambia mtumaji vipande gani vimefika) zilizopangwa kwa hila, kerneli inaunganisha vipande vilivyo kwenye foleni, na kihesabio cha biti 16, chenye kikomo cha 65,535, kinafurika. Hesabu zisipolingana, kerneli inajisimamisha yenyewe. Sasa memori ya ziada ingesaidia nini hapo? Anayetupiga kama ni mshindani au kijana anajaribu ujanja, hatujui, wala si hoja yetu kwenu.

Hoja ni kwamba kwa tawi hili la 4.14 dawa ilitoka mwezi uleule, katika toleo 4.14.127. Mkataba unasema kusasisha mfumo endeshi ni kazi yenu. Sisi hata nywila ya msimamizi hatuna. Na msituambie tena kwamba hamwezi kuwasha seva upya. Kuzima SACK kwa kuweka mpangilio wa net.ipv4.tcp_sack uwe 0 ni amri moja, haizimi kitu. Kasi itashuka kidogo pakiti zikipotea, tutavumilia.

Tunataka SACK izimwe leo, kerneli isasishwe Jumapili usiku duka likiwa limefungwa, na nyongeza ya kifurushi mliyotutoza irudishwe. Kumbukumbu za mfumo tumeziambatisha. Safari hii mpeni mhandisi azisome, si dawati la mauzo.

Wenu,
Mmiliki, duka la vipuri,
Kariakoo, Dar es Salaam